Mkasi Mmoja Mzima

Jumatatu, 4 Machi

Mke wangu alipiga simu nikiwa chumba cha giza, napima mayai kwa taa. Mle simu haziingii. Nimeikuta bado inalia kabatini wakati wa kuoga. Huku kwenye kituo cha kutotolesha vifaranga tunaoga kuingia, tunaoga kutoka — kama maharusi!

Mtoto ametolewa wodini, amewekwa chumba cha peke yake. Anayeingia avae gauni na barakoa. Daktari wao amesema sasa wamejua. Hana kinga. Si kwamba ni ndogo, hana kabisa. Mafua yaliyompitia dada yake kama upepo, yeye yamemlaza mwezi.

Nikauliza, dawa je? Akasema, huu si ugonjwa wa dawa, baba watoto. Kazaliwa nao.

Nilikaa kwenye benchi na taulo langu. Redio, ninayelala naye chumba kimoja, hanyamazi hata usingizini. Aliniangalia mara moja akanyamaza. Hapo nikajua uso wangu umeharibika.

Jumatano, 6 Machi

Zamu ya kuvunja. Mayai ambayo hayakutotoa tunayafungua moja moja kuona kilichomo kilifia hatua gani. Kikifa mapema ni doa la damu tu. Baadaye unaona jicho, jeusi, kubwa kuliko kichwa chenyewe. Halafu vijiti viwili ambavyo vingekuwa mabawa. Kazi hii nimeizoea. Leo moja nililivunja, nikaacha hapo.

Nikamuuliza daktari wa kuku. Ni binti mdogo, rika la shemeji yangu, na hana maringo. Nikamweleza habari za mtoto. Nikamwambia, mimi shule niliiacha kabla ya kufika huko, lakini ndani ya yai hamna fundi — nani analiambia bawa liwe bawa?

Alinionyesha kwenye lile lililovunjika. Anasema kila chembe ya mwili imebeba maagizo ya kuku mzima. Ila kila moja inasoma mahali pake tu: ya jicho inasoma ya jicho, ya bawa inasoma ya bawa. Hayo maagizo ndiyo jeni. Na zipo jeni ambazo kazi yake ni kuwasha na kuzima nyingine, kama swichi. Kosa likiwa kwenye swichi za mwanzo, unabaki na doa. Likiwa kwingine, mtoto anatoka mzima kwa macho.

Mzima kwa macho. Wetu alitoka hivyo. Vidole vyote. Pua ya babu yake. Nilimshika wiki tatu, likizo ikaisha.

Ijumaa, 8 Machi

Mke wangu ni fundi cherehani. Kwake kila jambo ni kitambaa. Daktari wa huko alimweleza, na yeye kanieleza hivi: vijidudu vya dunia havina idadi, na mwili hauwezi kuweka askari aliyeshonwa tayari kwa kila kimoja. Kwa hiyo unapewa vipande vichache. Mwili unavikata, unaviunga huku na kule, kila askari anatoka na mshono wake usiofanana na wa mwenzake. Mamilioni kwa mamilioni. Kije kijidudu gani, hakosekani askari wa kukitosha.

"Vitambaa mwanao anavyo," akasema. "Mkasi ndio hana."

Jeni ya huo mkasi. Zake mbili zote mbovu, moja katoa kwangu, moja kwa mama yake. Sisi kila mmoja ana mbovu moja na nzima moja. Nzima moja inatosha, ndiyo maana tumeishi bila kujua.

Akanikumbusha mama yangu alivyotamka mbele za watu kwamba mkosi umetoka kwao. Nikasema basi mama ataambiwa ni nusu kwa nusu.

Akacheka. Si kicheko kizuri. "Nusu kwa nusu! Kama michango ya harusi."

Jumanne, 26 Machi

Majibu yamefika. Kinachotakiwa ni uboho, ule wa ndani ya mifupa, kutoka kwa mtu anayelingana naye. Utamwoteshea askari wapya. Dada yake halingani. Analia, miaka saba, anadhani ni mtihani kafeli. Nikamwambia kwenye simu, mama, hujafeli kitu. Akauliza, "Wewe baba umefaulu?"

Mama yao ana kirusi kilichojilalia mwilini. Yeye hakimsumbui, mtoto kitamuua. Nimebaki mimi. Damu niliyotoa hapa mjini inasema nalingana nusu. Wamesema nusu wanaweza kufanya nayo kazi, maana uboho wangu mkasi unao.

Chumba cha kupandikiza kimepatikana. Niwe nimefika Jumatatu ya tarehe nane. Nisipofika anaingizwa mtoto mwingine, na kwa hali yake zamu ya pili hatafika. Daktari wao alisema hivyo hivyo, bila kuzungusha.

Msimamizi ameniruhusu. Redio amenipangia begi. Eti mimi nakunja nguo kama nafunga takataka.

Alhamisi, 28 Machi

Siku ya kutotoa. Trei zinavutwa, kelele chumba kizima. Chini kabisa nikakuta kimoja kimechelewa, kimelowa, shingo haishiki. Cha namna hiyo ni cha kutupwa. Na hakuna kugusa bila glavu.

Nikavua glavu. Sijui nini kilinituma. Nikakiingiza ndani ya ovaroli, kifuani. Kilitetemeka, halafu kikatulia. Redio akapita: "We mzee, umeanza kunyonyesha?" Nikamfukuza. Kilipokauka kilisimama chenyewe! Nikakirudisha kwa wenzake.

Nimeshinda na furaha kama mjinga.

Jumamosi, 30 Machi

Lango limefungwa. Kwenye shamba linalotuletea mayai kuku wanakufa kwa mafua ya ndege. Vifaranga vya Alhamisi wamepima, ugonjwa umo. Unaingia hata kwa watu.

Tumeviua vyote. Jinsi gani, siandiki. Muda wote nilikuwa nakitafuta kile. Vyote ni vya njano.

Baadaye Daktari wa kuku alitupanga mstari. Ambaye hakugusa kwa mikono mitupu, akiwa salama anatoka Ijumaa. Aliyegusa anabaki ndani zaidi ya wiki, tarehe nane inampita hapa hapa. Akauliza, nani aligusa? Redio akaniangalia. Halafu akaangalia viatu vyake.

Sikunyoosha mkono.

Jumatatu, 1 Aprili

Redio kanivuta pembeni, akaongea kwa sauti ya chini. Sikujua anayo. Kasema yeye hajaona kitu, na hata wakimning'iniza hajaona kitu. Nenda kwa mwanao.

Mke wangu kapiga. Mtoto amekonda, ila leo alicheka, kisa barakoa ya nesi.

Nimesugua kifua mpaka kinawaka. Ijumaa natoka, Jumatatu nipo pale. Hata nisimguse, hata nikae nje ya mlango — kitu changu ndicho kinaingia ndani yake. Nikiwa na ugonjwa, nao unaingia. Kwa mtoto asiye na askari hata mmoja! Na huku kwa ajili ya kuku tunaoga mara mbili.

Nikaenda kugonga kwa Daktari. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Akaniingiza kijiti cha pamba puani mpaka machozi. Kasema ataongea na wenzake wa kule. Majibu Alhamisi. Yakiwa safi, atanipigania nitoke Ijumaa na nipimwe tena nikifika. Yasipokuwa safi — hapo hakumaliza.

Wamenihamishia stoo ya trei, peke yangu.

Nikampigia mke wangu, nikamweleza habari ya kifaranga. Nikangoja matusi. Akauliza:

"Kilipona?"

Nikamwambia kilisimama.

Alhamisi, 4 Aprili

Begi lipo mlangoni. Koo kavu tangu nilipoamka. Stoo hii ina vumbi. Vumbi tu.

Dada yake mtoto amenitumia sauti yake kwenye simu. "Baba, mama kasema unamletea mdogo wangu mkasi. Usije ukausahau." Nimeirudia kuisikiliza mpaka Redio akagonga ukuta kutoka upande wa pili, eti mwambie mtoto tumesikia, baba yake hasahau. Kisha akaanza kuimba. Anaimba vibaya. Asiache.

Namwona Daktari anatoka ofisini. Anavuka uwanja. Miguu anaiosha kwenye dimbwi la dawa, polepole, kama mtu asiyetaka kufika. Jana na juzi alikuja dirishani, uso wazi, tukaongea kupitia kioo, akanitania kuhusu ndevu.

Leo amelipita dirisha. Anakuja mlangoni.

Amesimama. Redio kaacha kuimba. Daktari anatoa barakoa mfukoni, anaivaa — sikio moja, sikio la pili —