Tisini na Moja ya Profesa

Jumatatu, 3 Machi
Profesa amejibu! Maprofesa wengine wote niliowaandikia wamenikalia kimya, huyu amejibu. Mistari miwili tu. Ana nafasi moja ya kusomea shahada ya udaktari, yenye ufadhili, ila hachukui mtu kwa vyeti. Kila mwombaji anaurudia utafiti wa zamani wa Profesa kuanzia mwanzo: unaandika upya programu ya kutambua maneno ya watu kwenye simu, halafu unamletea matokeo. Yake ilitambua sawasawa asilimia tisini na moja ya maneno. Mwisho Jumapili.

Dada kaniachia meza ya kulia chakula. Shemeji kacheka — udaktari gani huu usiotibu hata mafua?

Alhamisi, 6 Machi
Themanini na tatu. Nabadili hiki, nabadili kile — themanini na tatu! Makala yake nimeisoma hadi macho yanauma. Kosa lazima liwe langu. Yeye ni profesa, mimi nalala kwenye kochi la shemeji.

Jumapili, 9 Machi
Nimepata tisini na moja.

Niandike ukweli, hapa hakuna anayesoma. Kuna rekodi zinazotengwa za kuipima programu mwishoni. Haitakiwi kuzisikia kabla, kama mwanafunzi asivyotakiwa kuuona mtihani. Mimi nimeionyesha mtihani. Nilitaka tu kujua kama tisini na moja inafikika. Ikafikika. Nikatuma.

Mama kapiga simu, nikamwambia nimemaliza. Mungu hamtupi mja wake, kasema. Nikaona aibu.

Jumanne, 11 Machi
Nafasi ni yangu! Profesa kapiga simu mwenyewe. Kumbe waombaji wote kabla yangu walikwama kwenye themanini na kitu. Kumbe hata wenzake chuoni wanamsema kwamba matokeo yale aliyapika. Wewe ndiye uliyenisafisha, kaniambia.

Nilitaka kumwambia palepale. Mdomo ukafunguka, ukasema asante sana, Profesa.

Dada kapiga vigelegele jikoni. Shemeji sasa ananiita Dokta. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu kazaliwa kabla ya mtoto.

Jumatano, 12 Machi
Nimeirudia kazi yote, safari hii kihalali. Themanini na tatu.

Kwa hiyo sikukosea! Wale waliokwama hawakukosea. Yupo mmoja wao aliyepeleka jibu la haki, na sasa amekaa mahali anajiona mjinga. Nafasi hii pengine ni yake. Na Profesa naye — sidhani kama alipika. Nadhani aliteleza mahali, hakuona, na hakuna aliyemwonyesha kwa upole. Ningempelekea ile themanini na tatu, nikasema Profesa, sifiki, hebu tuangalie pamoja. Basi! Maneno machache tu. Najuta.

Nimemweleza dada. Kaniuliza: kwani lazima Profesa ajue? Nikamwambia njia ya mwongo ni fupi. Basi tembea polepole, kasema, akaenda kuanua nguo.

Ijumaa, 14 Machi
Niko ofisini kwake. Chumba kidogo, vitabu hadi dirishani. Kaniwekea meza karibu na yake, kaifuta vumbi mwenyewe kwa leso yake.

Nilikuja kusema, naapa. Nikaanza: Profesa, kuhusu ile tisini na moja — akanikatiza, anacheka. Nina habari nzuri zaidi, kasema. Kawaalika wale wenzake wanaomsema. Niiendeshe programu mbele yao, waone kwa macho yao. Nikasema subiri kidogo, Profesa. Hakusikia. Katoka kwenda kuwapokea, nami naandika haya nikiwangoja.

Ningemwambia jana kwa simu, angeumia kwangu tu. Leo ataumia mbele yao, na ni mimi niliyemkusanyia watazamaji. Nimejipalia makaa, sawa. Lakini yeye alinikosea nini?

Kompyuta iko wazi. Mafaili ni mawili, la uongo na la haki. Nimefungua la themanini na tatu. Nimelifunga. Nimelifungua tena.

Wako koridoni. Mmoja anauliza kwa kejeli, huyo fundi wako ni nani? Profesa anamjibu kwa sauti kubwa, korido nzima inasikia — mwanafunzi wangu! Kitasa kinazu—