Bango Lenye Tumbo Kubwa

Haya, mpenda umbea wangu, vuta kiti. Hizi ni barua pepe zangu na kaka yangu. Tunaandikiana kwa sababu tukipigiana simu lazima mmoja amkatie mwenzake. Yeye yuko mji mwingine, anatafuta wateja na kuwahoji. Mimi niko nyumbani na kompyuta, nachora nembo, mabango na makaratasi ya madukani. Kuchora nilijifundisha mwenyewe, kwa kuharibu. Sijabadilisha neno, hata yale ya kuniaibisha. Soma, halafu nina swali.

3 Machi

Mdogo wangu Cheche,

Hujambo? Kifua kimepona, au bado unakohoa kama pikipiki inayogoma kuwaka? Mimi mzima, ila miguu imenivimba kwa kuzunguka maofisini.

Nina habari tamu. Siandiki tena mahojiano ya wateja kwa mkono. Nimepata programu ya akili bandia. Mteja anaongea, yenyewe inasikiliza, akimaliza inanipa ukurasa mmoja safi: ni nani, anafanya kazi gani, tatizo lake nini, anataka nini. Ile kazi ya kukuandikia "alipofika hapa akacheka, akakuna sikio" imekwisha. Najua ulikuwa unaipenda, lakini ilikuwa inanila siku nzima.

Wa kwanza ni huyu mkunga mwenye kliniki ya wajawazito mtaa wa nyuma yako. Nilimpigia simu akaongea karibu saa nzima. Mama wa watu ana hadithi! Mashine imezikamua zote ikatoa hivi: "Wateja hupita mlangoni mara kadhaa bila kuingia. Bango lililopo halifai. Linahitajika bango kubwa, lenye mwanga, linaloonyesha huduma waziwazi." Umeona? Chora.

Na usiende kumsumbua. Mazungumzo na wateja ni yangu. Bado kuna kinyozi hapo kwenu anayesimulia ulivyomwambia usoni kwamba nembo yake inafanana na kuku aliyekanyagwa.

Kaka yako

9 Machi

Shikamoo kaka,

Kifua kimepona. Miguu uiloweke kwenye maji ya moto yenye chumvi, usijifanye chuma.

Bango limetoka, na kaka, limetoka! Tumbo kubwa kama mwezi, mikono miwili imelishika, rangi ya waridi, taa kuzunguka pembeni zote. Linaonekana kutoka kwenye kona ya mtaa. Fundi wa mabango alipolitundika watu walisimama kutazama.

Lakini nikuambie ukweli. Ule ukurasa wako hauna mtu ndani. Nimeusoma nikatafuta pale anapocheka, pale anaponyamaza, sikuona. Nimechora kwa kubahatisha, nikajiambia basi, tatizo si limeandikwa? Na fundi ananiambia mama alitoka nje, akaangalia juu, akasema "haya," akarudi ndani. Hiyo "haya" ilikuwa ya furaha au ya nini? Zamani wewe ndiye ungeniambia.

Mdogo wako

20 Machi

Cheche,

Marahaba. Miguu afadhali. Nyumbani wote wazima?

Acha wasiwasi na hiyo "haya". Nilimpigia tena mkunga, mashine ikasikiliza, ikaandika: "Mteja ameridhika." Basi, ameridhika.

Sasa kaa chini nikuambie. Nimeonyesha picha ya bango letu kwa bwana mmoja mwenye zahanati nyingi huku. Kaka yako nimeingia kwenye ofisi yenye zulia! Bwana ameitazama picha, akamwita na mke wake aje aitazame. Anataka bango kama hilo kwenye kila zahanati yake. Kila moja! Tumbo lako, mdogo wangu, litajaa mji mzima. Mikono yako uitunze.

Kaka yako

2 Aprili

Kaka, shikamoo. Sitakuuliza habari za afya leo. Nina hasira hadi vidole vinakosea herufi.

Mkunga amekuja hapa. Nimesikia mlango unagongwa, nikafungua nikiwa na penseli mdomoni.

"Wewe ndiye mwenye lile tumbo?"

"Ndiyo mama, karibu." Nikadhani amekuja kunishukuru. Nikamfutia na kiti vumbi, mjinga mimi.

Akakaa. Akasema, "Mwanangu, nilimsimulia kaka yako habari za msichana mmoja. Alipita mlangoni kwangu mara tatu bila kuingia. Siku aliyoingia alikuwa amejifunika hadi macho. Nikamuuliza, mbona ulikuwa unapita? Akaniambia, mama, bango lako lina picha ya mtoto mchanga, nikionekana nimesimama chini yake nimekwisha, kwetu hawajui. Nikamwambia kaka yako, ninao wengi wa namna hiyo. Nataka mlango usiosema kitu."

Mlango usiosema kitu! Kaka, maneno matatu hayo tu yangenitosha! Ningechora usingizini! Mashine yako imesikia wasichana wanapita bila kuingia, ikaamua hawaoni. Wanaona, kaka! Wanaona mno! Ndiyo maana wanapita! Hadithi yenyewe, ile iliyobeba kila kitu, ikaitupa kama ganda, kwa sababu ilikuwa hadithi.

Nikamuuliza, "Sasa mama, tulipokutumia picha mbona hukukataa?"

"Nilidhani mmeona kitu nisichokiona mimi. Saa nzima naongea, kaka yako anaitikia mh, mh, mh. Nikasema huyu amenisikia."

Hizo mh zako! Ulikuwa unamwitikia nani?

Unajua mkabala na kliniki kuna nini? Duka la nguo. Wanaume kwa wanawake wanakaa pale kibarazani kutwa. Tangu tuwashe zile taa wanaangalia nani anaingia kama wanaangalia tamthilia, wanaulizana, "Huyu wa nani? Huyo shati la bluu wa nani?" Wenye waume zao wanaingia vizuri tu. Wale wengine hakuna hata mmoja aliyekanyaga. Na yule msichana ana presha ya mimba, anatakiwa kupimwa kila wiki, na hajaonekana. Mkunga hajui anakaa wapi. Jina alilompa si lake.

Nalishusha hilo bango. Na hilo lidude lako nalo lizime.

Mdogo wako

5 Aprili

Cheche,

Marahaba. Kwanza punguza sauti, hata kwenye maandishi unapiga kelele.

Nimeirudia rekodi. Ndiyo, amesema. Nilikuwa najibu ujumbe wa mteja mwingine, nikaiachia mashine isikilize. Haya, nimekubali. Umefurahi?

Sasa na wewe nisikilize. Unajua nilivyokuwa naingia kwenye ofisi za watu na daftari langu lenye madoa ya chai? Mlinzi alikuwa ananiuliza mzigo niliouleta ni wa nani. Nikiandika polepole wateja wanatazama saa, mmoja aliniambia niende kwanza nikajifunze kuandika. Leo naingia na kurasa zenye vichwa vya habari, wananiita mshauri, wananipa kiti. Wewe hujawahi kudharauliwa mlangoni kwa mtu. Umekaa hapo na penseli yako mdomoni.

Na jambo moja nitalisema hata kama utanuna. Mkunga yuko mtaa wa nyuma. Unaweza kumfikia kabla chai haijapoa. Uliona ukurasa hauna mtu ndani, uliandika mwenyewe! Halafu ukachora. Tangu lini wewe ukanitii? Kila siku nikikataza kitu unakifanya, siku hiyo moja ukawa mtoto mwema kwa sababu tumbo lako kama mwezi lilikuwa limekukolea. Mashine haikukufunga miguu.

Bango lisishushwe. Mwenye zahanati bado hajasaini. Akisikia bango alilolipenda limefukuza wagonjwa, tumekwisha. Nipe wiki mbili.

Kaka yako

11 Aprili

Shikamoo kaka. Natumaini mzima.

Umenipiga palepale panapouma. Ndiyo, sikwenda. Niliona raha kuchora. Nimelia, nimenawa uso, na sasa nimeacha kulia kwa sababu hasira imerudi, tena mpya.

Wiki mbili unamwomba nani? Mimi? Mimi sina mimba, kaka. Kamuombe yule msichana.

Bango nimelishusha. Tulipanda mimi na fundi wa mabango, watu wa duka la nguo wakitupigia miluzi. Mmoja akauliza, "Vipi, limezaa?" Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nusura nimrushie bisibisi.

Kisha nikakaa na mkunga kuanzia chai ya asubuhi, nikamwacha aongee. Kila hadithi. Ya mwanamke aliyekuja na mama mkwe na ya yule aliyekuja peke yake uchungu umemshika. Anapofika kwa wale wasichana, sauti yake inashuka hata kama hakuna mtu chumbani. Hilo ukurasa wako ungeliandikaje?

Hatukutengeneza bango. Kliniki na duka la fundi cherehani zinagusana ukuta, na kuna mlango wa ndani uliokuwa umezibwa na kabati. Tumesogeza kabati. Sasa anayeingia kwa fundi cherehani anaweza kuwa amepeleka gauni kupunguzwa, nani ajue? Nimechora alama ndogo ya uzi na sindano kwenye mlango wake, na chini namba ya simu ya mkunga, bila neno lolote. Fundi cherehani amekubali, anasema hata yeye atapata wateja. Tumewaambia wauza mitumba, wasusi, wasichana wa mgahawani, mdomo kwa mdomo.

Na amekuja, kaka! Yule msichana! Ameingia na mfuko wa nguo mkononi kama mtu mwenye gauni la kushona, miguu imevimba, macho yanaona ukungu. Mkunga alipompima presha alinyamaza, nami sasa najua akinyamaza maana yake nini. Alitaka alale palepale, msichana akakataa, kwao watamtafuta. Wakakubaliana arudi Jumamosi ijayo asubuhi, atakuwa ameshaaga kwao kwamba anasafiri, akae pale hadi ajifungue. Hadi siku hiyo anameza dawa na kuomba Mungu.

Kuanzia leo sichori kitu kabla sijamsikia mteja kwa masikio yangu. Ukitaka tumia mashine kupanga maneno yako baadaye, lakini mtu asikilizwe na mtu. Kama hutaki, sema.

Mdogo wako

17 Aprili

Cheche,

Salamu. Mimi mzima.

Mwenye zahanati anakuja huko mwenyewe, Jumamosi hii asubuhi, na mimi nipo naye kwenye gari. Anataka aone bango likiwa ukutani taa zikiwaka, asimame mlangoni aongee na mkunga, ndipo asaini. Sikuweza kumwambia kwamba mmelishusha.

Lirudi saa mbili, saa sita litoke, halafu lichome moto ukitaka. Asubuhi moja tu. Yule msichana mwambieni aje Jumapili, presha haiwezi kungoja siku moja? Na usinijibu kwa hasira. Mashine imeniandalia maneno mazuri ya kumwambia mkunga, nimeyaweka hapa chini. Msomee tu kama yalivyo, usiongeze chako.

Nikimkosa huyu bwana narudi nyumbani, mdogo wangu, na sijui nitaingia mlango huo nikiwa nani. Nimekuomba mara ngapi kitu maishani? Fundi wa mabango nimeshampigia, atapita kwako Jumamosi saa moja kulichukua. Mpe.

Kaka yako

Hapo ndipo barua zilipoishia. Sijamjibu, na kesho ndiyo Jumamosi. Yale maneno mazuri ya kumsomea mkunga nimeyasoma: "Mteja wetu mpendwa, tunathamini subira yako." Nimeyafuta.

Bango liko hapa chumbani, nimeligeuzia uso ukutani na bado naliona. Msichana hana simu, na jina alilotupa halitafutiki. Atakuja asubuhi na mfuko wake, na mwenye zahanati atakuwa amesimama pale nje na watu wake, na lile duka zima la nguo litakuwa limetoka kushangaa gari. Ataliona bango kutoka kwenye kona, ageuke arudi. Nilijisifu mwenyewe kwamba linaonekana kutoka kwenye kona.

Na kaka ni kaka. Alipoondoka aliniachia kompyuta hii, iliyokuwa yake, akaenda kulala sakafuni kwa watu ili mimi nipate kuchora. Anakosea, ananikera, ningekuwa naye hapa tungeshaparurana. Lakini hakuna mwingine aliyewahi kunitafutia kazi.

Saa moja asubuhi fundi wa mabango atagonga. Ungekuwa wewe, ungemfungulia?