Mikeka Dukani kwa Mgiriki

Rosettenville, Johannesburg, 9 Julai 2017. Asubuhi ya baridi kali, jua limetoka.

Neema mjukuu wangu,

Sisi wazima, na mama yako mdogo amefungua saluni Turffontein. Umeniuliza, huko Kanada uliko, kati ya wajukuu wa wahamiaji Waukraini na wa Waaislandi, nani wana maisha mazuri zaidi.

Nilipokuwa msichana Lubumbashi, jibu la swali la namna hiyo niliona rahisi. Wagiriki walikuwa na maduka, sisi tuliotoka Kasai tulipanga vyumba. Kisha Mgiriki mwoka mikate wa mtaani kwetu akafiwa na mkewe, naye hakuwa na ndugu mjini. Mama zetu wakaingia dukani kwake, nasi watoto nyuma yao, wakatandika mikeka, wakaanza kulia.

"Nani amewaita?" akauliza.

"Baba, kwenye kilio watu huitwa?" Mama Mbuyi akamjibu. "Tusogezee hizo meza."

Nilijua atatufukuza. Akasogeza meza, akavua viatu, akaketi kati yao, na mtu yule mkimya akalia hadi barabara nzima ikamsikia.

Tangu hapo sijui tena kupima nani ana maisha mazuri. Jana, baada ya kusoma swali lako, nilikaa macho nikiwaza sauti ile, nikalala saa tisa usiku.

Bibi yako