Ng'ombe wa Piyaya Si Wangu

Kansay,
kwa S.L.P. 41,
Karatu, Mbulu.
20 Agosti, 1978

Mpendwa mdogo wangu Clemensi,

Salamu nyingi zikufikie huko Kasulu, wewe na wifi yangu na watoto. Natumaini ile homa ya Wilibrodi mdogo uliyoniandikia imepoa. Najua wewe ni mganga na dawa unazijua, lakini mganga naye akiuguliwa na mtoto wake ni mzazi kama mwingine yeyote.

Huku tu wazima kwa rehema ya Mungu. Mama anakohoa kidogo kwa baridi ya mwezi huu, maana ukungu hauondoki mpaka saa nne, lakini bado anakwenda kuchuma mbaazi mwenyewe na hataki kuambiwa apumzike. Binti yangu Bernadina yuko darasa la saba na anajiandaa kwa mtihani. Mimi nimekonda, ila siumwi.

Utaona nimeandika Kansay badala ya Karatu. Nimehamia kwa Mama tangu mwezi uliopita. Barua hii nimeianza mara tatu, na kila mara nikaishia kwenye salamu.

Katika barua yako ya Pasaka uliniuliza ng'ombe wako wanaochungwa na Saruni kule Piyaya, kwa Wamaasai, wanaendeleaje. Nikakujibu kwa mistari miwili kwamba wako salama na wawili wamezaa. Kuzaa ni kweli. Mengine nilikuficha, na leo nataka niyaseme yote kabla hujayasikia kwa mtu mwingine.

Nimefilisika, Clemensi. Sisemi kama watu wanavyosema wakiishiwa chumvi. Nimefilisika kwa sheria, mbele ya Mahakama Kuu Arusha, na jina langu likabandikwa ukutani pale nje ambapo kila mpita njia anaweza kulisoma.

Unakumbuka mume wangu, marehemu Yohani, aliponiacha nilikuwa na kibanda cha chai tu pale barabarani. Madereva wa magari ya watalii kutoka Nairobi wakawa wateja wangu wakubwa. Wakiteremka kutoka kreta kutazama wanyama wanakunywa chai, wanakula chapati, wananiambia, "Mama Berna, jenga vyumba, sisi tutalala kwako." Nikaenda Arusha kwa Bwana Raphaeli, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Akanipa saruji, bati, vitanda na friji ya mafuta ya taa, nilipe kidogo kidogo. Vyumba sita. Mwaka wa kwanza nililipa bila kukosa mwezi hata mmoja, nikaanza kujiona mtu.

Mwezi wa pili mwaka jana mpaka wa Kenya ukafungwa. Mwanzoni tulisema ni siku chache tu. Wiki ikawa mwezi. Magari yakakatika kabisa, hata kuku wangu wakawa wanaoga vumbi katikati ya barabara bila kuogopa kitu. Kila asubuhi nilitandika vitanda sita ambavyo hakuna aliyevilalia, kwa sababu nilihofu siku nikiacha kuvitandika nitakuwa nimekubali.

Hapo nikaanza kukopa huku ili nilipe kule. Nyama kwa mkopo, sukari kwa mkopo, kuni kwa mkopo. Nosim, yule mama wa Kimaasai anayeniletea maziwa, nilimwomba uvumilivu miezi mitano. Ikafika mahali nikawa napita nyuma ya soko nisikutane naye. Mtu mzima, Clemensi, najificha nyuma ya mabanda ya vitunguu.

Mwezi wa tano Bwana Raphaeli akaja Karatu mwenyewe. Deni lilikuwa limefika shilingi elfu ishirini na sita. Hakunifokea. Alikaa kwenye kiti, akatazama vyumba vitupu, akaniuliza, "Una kitu gani kingine, mama?"

Nikasikia mdomo wangu mwenyewe ukisema, "Nina ng'ombe Piyaya."

"Wangapi?"

"Kumi na wanne."

"Ni wako?"

Nikasema ni wangu. Akaandika karatasi ya rehani, nikatia sahihi, akaniongezea miezi sita.

Wale ni wako. Baba alikupa wewe siku zake za mwisho, mimi nikiwapo na Saruni akiwapo, na wawili alionikatia mimi nilikwisha kuwauza zamani nilipofungua kibanda. Sina la kujitetea. Nilijiambia mpaka utafunguliwa, nitalipa, nawe hutajua. Miezi sita ikaisha na mpaka haujafunguliwa.

Mwaka huu baada ya mvua kuanza, Bwana Raphaeli alituma watu wawili Piyaya na karatasi yangu. Saruni hajabadilika tangu Baba alipomkabidhi wanyama awachunge. Aliwakaribisha, akawapa maziwa, akawaambia ng'ombe hao ni wa Clemensi na yeye hajui Kiswahili cha kwenye karatasi. Wakarudi mikono mitupu. Siku ya nne yake namwona Saruni mwenyewe anaingia uani kwangu, amekuja kwa miguu, vumbi mpaka magotini.

Nilimpa chai, hakuinywa.

"Umetia sahihi nini?" akaniuliza.

Nikamweleza. Akakisukuma kikombe pembeni.

"Mimi ninachunga tu," akasema. "Ukiniambia ng'ombe ni wako, nitawaleta mpaka hapa mlangoni. Sema sasa, nikiwa nakutazama. Sema ni wako."

Sikuweza. Kwa Bwana Raphaeli lilinitoka kwa urahisi, lakini kwa Saruni halikutoka. Nililia pale mbele yake kama mtoto. Ndipo akachukua chai yake, ikiwa imeshapoa, akainywa yote.

Nilifikiria kukimbia, sitakuficha. Nilishakunja nguo za Bernadina kwenye kapu, tuende Babati kwa ndugu wa marehemu. Kabla ya kuondoka nikapita kwa Mzee Felisiani, yule karani mstaafu wa mahakama, nikijifanya namuulizia mtu mwingine. Hakudanganyika. Akaniambia, "Antonia, ukikimbia wewe ni mwizi. Ukienda mwenyewe mahakamani useme umeshindwa, wewe ni mtu aliyefilisika. Ni vitu viwili mbali kabisa. Lakini ukienda, utaje vyote. Kijiko kimoja ukikificha, umerudi kuwa mwizi."

Mzee aliniandikia maombi kwa mkono wake. Tukaitwa mwezi wa sita. Saruni alikuja kuwa shahidi. Konda wa basi hakutaka apande na lubega yake, shuka lililopakwa udongo mwekundu, isije ikachafua viti, kwa hiyo nikampa koti la marehemu Yohani alivae juu. Lilimbana mabegani. Alilivaa hivyo hivyo mpaka Arusha.

Pale mbele ya Jaji walinisomea orodha ya mali zangu kitu kimoja kimoja: vitanda, magodoro, sufuria, friji, meza, jengo. Ofisa wa serikali anayeshughulikia waliofilisika, kijana tu, akafika mwisho wa ukurasa. "Na ng'ombe kumi na wanne wa kwenye rehani, waliopo Piyaya. Ni mali yako?"

Nilitazama sakafu. Nikasema, "Hapana. Ni wa mdogo wangu, Clemensi Tluway. Nilipotia sahihi kuwa ni wangu nilisema uongo."

Watu waligeuka kunitazama. Bwana Raphaeli alisimama bila kuruhusiwa, akaambiwa akae. Ofisa akaniuliza kama naelewa kwamba nililolisema linaweza kunipeleka kwenye kesi nyingine, ya kudanganya ili nipate muda wa deni. Nikajibu naelewa. Sikuelewa vizuri, nilikuwa nasikia masikio yanavuma. Saruni alieleza kwa kupitia mkalimani, maneno machache. Jaji akasema gesti na vyote vilivyomo viuzwe, wanaonidai wagawane, na tubakiziwe nguo, vitanda vyetu viwili, vyombo vya kupikia na majembe. Kuhusu ng'ombe, wasiguswe mpaka wewe mwenyewe ujieleze.

Nje nilimkuta Bwana Raphaeli amesimama kivulini. Nilitegemea matusi. Akaniambia, "Mimi pia wapo wanaonidai, mama. Ulipaswa kuniambia ukweli siku ile, nisingekupa miezi sita." Nikamuuliza kama atakwenda polisi. Akasema bado hajaamua, anangoja barua yako.

Mnada ulifanyika tarehe kumi na tano Julai. Mzee Felisiani alinishauri nisiende, nikaenda. Niliona watu ninaosali nao wakibeba vitanda vyangu kichwani. Nosim alinunua beseni nililokuwa nikipimia maziwa yake. Akaona ninavyolitazama, akasema, "Hili si lako tena, Mama Berna, liache lipite." Hakulisema kwa ubaya. Alipata fungu dogo sana la haki yake, kama wengine wote. Wanasema sheria hainilazimishi kuwatafuta tena. Lakini yeye nampelekea mbaazi kila nikipata mtu wa kwenda Karatu, na nitaendelea mpaka moyo wangu unyamaze.

Mama nilimweleza yote jioni tuliyofika. Siku mbili hakusema nami. Ya tatu akanionyesha kipande cha shamba kule bondeni, kile chenye mawe, akasema hicho nilime mimi. Kuhusu ng'ombe alisema neno moja tu: "Barua hiyo utaiandika wewe."

Sasa nalima, na siku za soko nauza uji na vitumbua. Nikipata senti nanunua, nikikosa tunakula mboga bila chumvi. Juzi mwenye duka hapa, mtu mwema, alinisukumia kilo ya sukari akasema, "Chukua tu, utalipa Jumamosi." Clemensi, jasho lilinitoka. Nikairudisha sukari juu ya meza kama kitu cha moto, nikatoka bila hata kumshukuru. Bernadina aliona haya kwa ajili yangu. Labda ndivyo nitakavyokuwa kwa muda, mwoga wa sukari. Lakini nakuambia kweli, siku hizi napita katikati ya soko, na anayeniita jina namgeukia.

Siwezi kusema kuwa nina amani. Gari la polisi likipanda mlima huu, naacha jembe chini nasikiliza lipite. Nikiota, naota Bernadina amekwenda kwenye mtihani, akirudi hanikuti.

Sasa nifike kwenye shauri lenyewe. Ofisa amekupa mpaka tarehe thelathini Septemba. Nenda mbele ya hakimu hapo Kasulu, uape, uandike ng'ombe wale ni wa nani na uliwapataje, kisha karatasi hiyo uitume Mahakama Kuu Arusha kwa barua ya rejesta. Ukinyamaza, watauzwa. Ukiandika kweli, watabaki wako, na karatasi hiyohiyo itamthibitishia Bwana Raphaeli kwamba nilimdanganya. Atafanya nayo anachotaka.

Bernadina ameniuliza kwa nini nisikuombe uandike kwamba ulinipa. Binti ana akili. Ukiandika hivyo ng'ombe wanakwenda, deni linapungua, mimi sina kesi. Najua una moyo wa kufanya hivyo. Ndiyo maana nakuandikia mapema, nikuombe usifanye. Una watoto wanne, na mwaka kesho unataka kuja kujenga. Tena nilikwisha kuapa mbele ya watu kuwa ni wako. Usinifanye niwe nimesema uongo mara ya pili. Andika ilivyokuwa, hata pale inaponiuma.

Na mimi niandikie vilevile. Kama una hasira, iweke yote kwenye karatasi, nitaisoma. Basi la barua hufika Karatu Alhamisi, na kila Ijumaa nitashuka posta kuuliza. Usiniache nikarudi na mikono mitupu, Clemensi. Kunyamaziwa na wewe ndiko sitakuweza.

Mpe wifi salamu zangu, na kama amesoma barua hii kabla yako simlaumu. Wilibrodi mdogo na dada zake waambie shangazi anawakumbuka. Mama anakusalimu na anasema umalize mambo ya huko urudi angali na macho ya kukuona. Saruni naye anakusalimu, na anauliza yule ndama mwekundu utampa jina gani, maana kumpa jina ni kazi ya mwenye mali.

Mungu akulinde kazini na njiani, akupe mkono mwepesi kwa wagonjwa wako, na moyo mpana kidogo kwa dada yako.

Nikupendaye na kukungoja,
dada yako,
Antonia Tluway