Gari la Baba Limegeuzwa

Nyumbani kwa Mama,
Meza ya chumba cha mbele,
Jumapili, 14 Julai.

Mpendwa Dada,

Natumaini karatasi hii itakufikia ukiwa mzima, na kile kikohozi ulichokuwa nacho kwenye simu kimekwisha. Kama hakijakwisha usijitie ushujaa, vaa sweta. Shemeji hajambo? Na wapwa wangu, bado wanagombania kiti cha dirishani? Huku sisi sote tunakula, tunalala na kubishana kama ulivyotuacha, ndiyo kusema hatujambo.

Najua macho yako yameshakimbilia chini kutafuta habari za Mama. Ni mzima. Presha imetulia, chakula anakula, na ulimi wake haujapata ugonjwa wowote. Tangu kile kiharusi, sasa mkono wa kushoto umeanza kushika kikombe, ila chai isijazwe. Mguu wa kushoto ndio bado anauburuta. Hebu kaa vizuri usome, maana nina jambo refu la kukueleza, na kwenye simu ningelilipua.

Tulipozungumza mara ya mwisho ulisema gari la Baba liuzwe, lisituzeeshe. Sikulaumu. Kaka Mkubwa alisema hivyohivyo, na mimi nikaitikia. Subaru lile lina umri wa kuwa na wajukuu. Lilianza kwa kupoteza maji, kisha mshale wa joto ukawa unapanda kabla hatujafika sokoni, na mwisho tangi dogo la maji likawa linatoa mapovu kama sufuria ya uji. Fundi mmoja alilitazama akasema gasketi za hedi, zile zinazozuia maji yasipenye ndani ya injini, zimekwisha, injini lazima ishuke. Gari halina kosa. Tangu Baba afariki tumekuwa tukilinywesha maji ya bomba badala ya kulanti, yale maji maalumu ya kupoza injini, halafu tunashangaa. Basi Kaka akatafuta mnunuzi wa vyuma chakavu.

Lakini kuna jambo hukuambiwa, kwa sababu Mama alitukataza. Tangu gari lilipolala, aliacha kutoka nje.

Lile gari limekaa chini, na kiti chake cha mbele kinamwenea Mama sawasawa. Ana mtindo wake. Anafungua mlango, anageuka mgongo, anashika ukingo wa paa, anakaa, kisha anaunyanyua mguu wake kwa mkono na kuuingiza ndani kama mtu anayemsukuma mtoto mkaidi darasani. Hataki kusaidiwa. Lilipoharibika tukaita teksi, ikaja gari refu, ikabidi dereva ashike huku na mimi huku, tukamnyanyua mbele ya majirani. Tuliporudi Mama akaniambia, “Mimi si kabati.” Tulimtafutia teksi ya chini zaidi, akashukuru, akasema hataki. Kuanzia hapo kliniki ya mazoezi haendi, rafiki zake haendi kuwaona, hata kibarazani hasogei. Daktari alikuja akatuambia bila kuficha kwamba mguu usipotembezwa utaganda, na ukiganda ndiyo basi. Hiyo ndiyo iliyokuwa hofu yetu, Dada, wala si bati lile.

Sasa nikupeleke kwa wifi yako. Wewe unamjua kwa cherehani yake, na yale mapazia ya sebuleni kwako ni kazi ya mikono yake. Mimi mumewe nilidhani namjua. Tulipokaa kikao cha kuuza gari, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Shemeji, nipe mpaka mwisho wa mwezi.”

“Ulifanyie nini?” Kaka akauliza.

“Niishushe injini.”

Kaka alicheka, akatazama huku na huku kama kuna wa kucheka naye. Sauti ya Mama ikatoka chumbani: “Mpe.” Kikao kikafungwa.

Kumbe Baba alikuwa amemfundisha. Unatujua sisi. Boneti ikifunguliwa tu, kila mtu anakumbuka ana safari. Yule mkwe ndiye aliyekuwa anabaki kushika tochi, na Baba hakuwa mtu wa kufanya kazi kimyakimya, alikuwa anaieleza kila nati. Mimi nilifikiri wanapiga soga.

Karakana yetu ikawa uani, chini ya paa la bati ambapo wifi yako hushonea. Jirani yetu mchomeleaji mstaafu, yule tunayemwita Mzee Cheche, alituazima winchi yake ya mnyororo na vyuma vya kuitundikia, akaja na kiti chake kabisa, akakaa kuhakikisha hatujiui. Injini ya Subaru imelala, si kama zile zilizosimama wima, na hedi zake ziko mbavuni, moja huku na nyingine kule, zimebanwa na bodi. Ndiyo maana ilibidi itolewe nje. Siku ilipopanda hewani ikining’inia kwenye mnyororo, mimi niliomba dua zote ninazozijua, na wifi yako alikuwa chini yake ameishika kwa kiganja, anaiambia, “Taratibu, taratibu.”

Utaratibu wake ndio ulionimaliza. Alichukua maboksi ya katoni, akachora juu yake umbo la injini kama anavyochora pateni ya gauni, akatoboa matundu, na kila bolti iliyotoka ikaenda kuchomekwa kwenye tundu lake, pembeni pameandikwa kwa chaki ya kushonea. Hakuna kitu kilichopotea. Hedi zilipelekwa kwa mwenye mashine zikasawazishwa, gasketi zikaja mpya, na pampu ya maji na mkanda wa taiming navyo vikabadilishwa maadam njia ilikuwa wazi. Kukaza bolti za hedi alianzia katikati akienda pembeni, kwa zamu, kidogo kidogo, kama anavyopiga pini kitambaa kinachoteleza. Nilipotaka kuharakisha nilipigwa jicho nikarudi nyuma.

Na wateja walikuwa wanakuja vilevile! Mmoja alifika kupimwa gauni la harusi ya mdogo wake, akamkuta fundi wake ana grisi mpaka kwenye viwiko. Mteja akajipima mwenyewe kwa futi huku wifi yako akimwelekeza kwa kidevu: panda, shuka, hapo hapo. Gauni limemkaa vizuri sana, nimeliona kwa macho yangu.

Siku tuliyoliwasha liliitika mara moja. Ule mlio wake wa kuguruma kwa kigugumizi, unaukumbuka? Nilipiga kelele kama mtoto. Mzee Cheche alisimama akavua kofia. Kisha mshale wa joto ukaanza kupanda. Ukapita katikati, ukazidi kupanda, wifi yako akazima haraka. Tukaliacha lipoe, tukaongeza maji, tukawasha tena. Ukapanda vilevile.

Dada, nilikuwa sijawahi kumwona mke wangu akikata tamaa. Alikaa kwenye kigoda chake cha cherehani akatupa mgongo, akalia. “Nimeliua gari la Baba,” alisema. “Na Mama nimemfungia ndani.” Kaka alipopata habari hakumcheka, nampa haki yake, lakini alimpigia simu mnunuzi aje Jumamosi. Ilikuwa Alhamisi.

Ijumaa asubuhi Mama akatuita dirishani. Siku zote hizo alikuwa amekaa pale akitazama kazi, hachangii neno.

“Maji mmelijazia wapi?” akauliza.

“Hapahapa, Mama,” wifi yako akajibu.

“Likiwa hivyohivyo limeinama?”

Unaikumbuka sheria ya Baba, kwamba gari lilale likitazama geti, ili mtu akiugua ghafla tusipoteze muda kuligeuza. Tumeishika sheria hiyo kama ibada. Hata lilipokuwa halina injini lilikuwa linatazama geti. Na uwanja wetu unateremkia getini, kwa hiyo wakati wote pua ilikuwa chini na tako juu. Mama akasema Baba hakuwahi kulibadilishia maji pale. Alikuwa anabeba dumu lake la kulanti na kwenda kwa seremala, pale kwenye mlima, analiegesha pua juu, anakaa huko nusu ya siku. “Mimi nikajua anakwenda kupiga porojo,” Mama akasema. “Tumegombana miaka mingi kwa sababu ya seremala yule.”

Wifi yako aliruka kama aliyeumwa na siafu. “Hewa!” akasema. Akatueleza palepale: hewa hupanda juu, na gari likiinamisha pua, mdomo wa rejeta unakuwa chini, basi hewa haina pa kutokea. Inabaki imekwama ndani ya injini, na maji hayafiki yanapotakiwa. Gasketi zake zilikuwa nzima. Kosa letu lilikuwa ni utii.

Lakini hakuligusa gari. Alisogea mpaka dirishani akauliza polepole, “Mama, nikiligeuza si nitakuwa nimevunja neno la Baba?”

Mama alimtazama. “Baba alitaka gari liwe tayari kuondoka. Haliondoki. Geuza, mwanangu.”

Tulilisukuma mimi, Mzee Cheche, na Kaka Mkubwa niliyemwita kwa simu akaja na shati lake la ofisini. Tukaligeuza pua likatazama ukuta wa jiko, matairi ya nyuma tukayawekea mawe. Wifi yako akamimina kulanti kidogo kidogo, akiminya mipira ya rejeta kwa mkono, hita ameifungulia mpaka mwisho, na gari likaanza kucheua kama mtoto mchanga aliyenyonya akashiba. Bwu, bwu, bwu. Kila likicheua, maji yanashuka, anaongeza. Mpaka likanyamaza. Tukaliacha likiguruma, sote tumeinamia dirisha la dereva kutazama mshale. Ulipanda, ukafika chini kidogo ya katikati, ukakaa. Tukasubiri. Ukakaa. Kaka alikuwa na kulanti mpaka kwenye tai yake na hakuwa na habari.

Jumamosi mnunuzi alifika na lori lake. Kaka mwenyewe ndiye aliyekwenda getini. Nilimsikia akisema, “Samahani sana, bwana. Gari lina kazi.” Kisha akarudi na kumwambia wifi yako mbele yetu sote kwamba alimdharau na kwamba hatarudia. Unamjua Kaka, maneno ya namna hiyo humtoka kwa shida kama jino.

Mama akatoka. Amevaa gauni la bluu, fimbo mkononi. Kutoka mlangoni mpaka kwenye gari ni hatua chache tu, lakini alizitembea mpaka mimi nikachoka. Alifungua mlango. Akageuka mgongo, akashika ukingo wa paa. Mguu ulitetemeka, kwa kuwa umekaa sana bila kazi, na Kaka akanyoosha mikono. “Acha,” Mama akasema. Tukaacha. Ilichukua muda, Dada. Akakaa. Akaunyanyua mguu kwa mkono wake, akauingiza, akafunga mlango. Alikuwa anahema na jasho linamtiririka, na alikuwa anacheka.

Tukazunguka mtaa mzima, wifi yako usukani. Kwa seremala Mama akaamuru tusimame, akashusha kioo na kumwomba radhi kwa yote aliyowahi kumfikiria. Yule bwana akaitikia kwa adabu zote, na mpaka leo hajui amesamehe nini. Kesho asubuhi Mama anakwenda kliniki.

Mimi nimemwoa fundi, na sikujua. Tangu jana namtazama mke wangu nikiona haya kama mchumba. Yeye anasema nisitie chumvi, kazi bado ipo, sili moja inavuja oili na breki za nyuma zinalia. Ameshaanza kuchora katoni nyingine.

Kaka Mkubwa anakusalimu, Mzee Cheche anakusalimu na anauliza kama huko kuna mtu wa kuchomelea vizuri kama yeye. Wifi yako anakukumbatia, anasema mapazia yakichakaa umtumie vipimo. Mpe Shemeji mkono wangu na wapwa uwabusu, hata wakikataa. Mungu akufunike wewe na nyumba yako, akupe afya, na akurudishe kwetu salama.

Nilimwuliza Mama nikuandikie nini kutoka kwake. Nilidhani atanipa maneno mengi, nikageuza karatasi kabisa kutafuta nafasi. Akafikiri, kisha akasema, “Mwambie binti yangu niliingia mwenyewe. Na tuliporudi nyumbani, nilitoka mwenyewe.”

Mdogo wako akupendaye sana,
Kitindamimba