Kazi ya Kumngoja Mtu Aseme

Pangani

Kwa mdogo wangu Salumu,

Shikamoo yako imenifikia pamoja na korosho za huko nyumbani Lindi, marahaba. Mimi ni mzima, ila magoti hunikumbusha umri wangu kila ninapopanda kivuko kwenda ng'ambo ya mto. Hukunieleza presha ya mama inaendeleaje, wala kama bado anagombana na anayempunguzia chumvi. Nieleze.

Ulinipigia simu ukitaka nimkataze binti yako Rukia kusomea unasihi. Ulisema, "Dada, kukaa na kusikiliza watu ni kazi? Mbona vibarazani watu husikilizana bure?" Sikukujibu siku ile, kwa sababu hata mimi, nilipostaafu ualimu na kuianza kazi hii katika kituo cha afya, nilidhani ni kufundisha tu, bila chaki. Leo nakujibu kwa kisa kimoja. Wenyewe wameniruhusu nikusimulie, ilimradi nisiwataje majina.

Daktari aliniletea mkwezi wa minazi kutoka kijiji cha Mwera, huku Pangani. Alikuwa ameanguka kutoka juu ya mnazi. Mguu uliovunjika ulikuwa umeshaunga, lakini alikataa chakula, hakulala, wala hakusema. Alikuja na kaka yake. Huku ni kama kwetu: mgonjwa haachwi peke yake, na mkubwa ndiye msemaji.

"Umeamkaje, baba?" nilimwuliza mkwezi.

"Hajambo," kaka akajibu.

"Usingizi je?"

"Analala fofofo."

"Nilikuwa namwuliza yeye."

"Mwalimu, huyu tangu utotoni hana maneno. Maneno yake yote ninayo mimi. Wewe uliza tu!"

Mkwezi alilitazama gongo lake la kutembelea.

Kumtoa nje mtu mzima aliyemleta mdogo wake kwa mapenzi ni kumvunjia heshima. Kwa hiyo niliwapangia miadi iliyofuata karibu na Alasiri. Siku hiyo adhana ilipolia, kaka aliinuka kama nilivyotarajia. "Wewe baki, mguu huo hauwezi ngazi za msikiti," akamwambia mdogo wake. Kisha akanigeukia: "Akiulizwa lolote, ningoje." Akatoka. Mlango ulibaki wazi, na muuguzi alikuwa barazani.

Sikumwuliza kitu. Unanijua, Salumu: mwanafunzi aliyekosea sikumwacha amalize sentensi. Kunyamaza mbele ya mtu mwenye uchungu ni kazi nzito kuliko darasa lolote nililowahi kusimamia. Nilimsikia akipumua.

"Watu husema niliteleza," alisema hatimaye.

Nikangoja.

"Sikuteleza, mwalimu. Niliachia."

Aya nilizijua, methali nilizijua. Zote zilinijaa mdomoni. Nilizimeza. Nikamwuliza tu, "Na sasa, bado unatamani kuachia?"

"Siku nyingine. Leo si sana."

Akalia kwa muda mrefu. Alipomaliza aliomba maji, kisha akauliza, kwa haya, kama kuna chochote cha kula. Mtu aliyekuwa akirudisha sahani ya mkewe bila kuigusa! Muuguzi alimletea mkate wa kumimina, naye akaula wote. Subhanallah, nilikuwa nikitazama roho ya mtu ikigeuka njiani na kuanza kurudi, nami sikuwa nimeisukuma.

Kaka aliporudi, nilimwuliza mkwezi kama angependa mimi nieleze. Akakataa. "Nitasema mwenyewe." Akamwambia kaka yake kwamba aliachia. Yule bwana wa maneno alifumbua mdomo, akaufumba. Alikaa sakafuni, akauchukua ule mguu ulioumia, akaupakata kama mtoto. Sijawahi kukaa katika chumba kilichojaa namna ile.

Siwezi kukuapia kwamba amepona. Daktari anamfuatilia, analala kwa kaka yake, na huja kwangu kila wiki. Minazi hapandi; anafua nazi, na anakula.

Sikufichi ugumu wake. Harusini wanawake hupunguza sauti ninapoingia, kwa kuwa wengine najua siri zao. Sokoni nampita mtu aliyelia mbele yangu jana, namsalimu kama nisiyejua kitu. Jioni nyingine hurudi nimechoka kana kwamba nimebeba magunia, wala sina ruhusa ya kumwambia mtu nilichobeba. Rukia na ayajue hayo kabla ya kuamua.

Tena kuna hili, mdogo wangu. Siku ile ya simu nilikuomba nizungumze naye. Ulinijibu, "Ya nini? Anayoyataka nayajua, mimi nitakueleza."

Mbusu mama mkono kwa niaba yangu. Msalimie mkeo, ambaye bila shaka ndiye aliyezifunga zile korosho vizuri namna ile, na shangazi yetu wa nyumba ya pili, umwambie dua zake zinafika.

Ijumaa nitapiga simu wakati wa Alasiri. Mpe Rukia simu, nawe nenda msikitini. Usiharakishe kurudi.

Dada yako,
Mwanahawa