Nguzo za Njano Shambani

Jumapili, 6 Februari 1977
Jana sherehe ya chama kipya. Kijiji kizima kimepakwa kijani na njano, rangi za chama — mlango wa ofisi, ngoma, hata nguzo zinazozunguka shamba la pamba la kijiji. Kijani kiliisha mapema, kwa hiyo nguzo ni njano tupu. Zinapendeza, sikatai. Mwenyekiti Ndalahwa alipita kando ya nguzo kama bwana harusi. Pamba hiyo ikiuzwa, ndiyo bati la zahanati yetu. Ikifa, akina mama wataendelea kubebwa kwa baiskeli hadi Sengerema kujifungua.

Alhamisi, 10 Februari
Vidukari! Mistari ya pembeni, karibu na nguzo, majani yamejikunja na yananata. Katikati ya shamba — safi. Serikali imenitoa Bukoba niwe bibi shamba hapa, na wadudu wananicheka. Au ni ile rangi?

Ijumaa, 11 Februari
Ni rangi. Niliazima kwa jirani yangu, Mama Ng'washi, beseni lake la njano, nikaliweka shambani pamoja na sahani nyeupe, vyote vina maji ya sabuni. Jioni beseni limejaa. Kwenye sahani wawili watatu, nadhani walipotea njia.

Nikamtazama mmoja kwa kioo cha kukuzia. Kila jicho limeundwa kwa vijicho vingi, kama punje kwenye suke la mtama. Umbo hawalioni vizuri; mtu na mbuzi kwao ni mamoja. Lakini rangi! Kadudu kanapeperushwa na upepo huko juu, kanaona njano, kanashuka. Nimewapenda, Mungu anisamehe.

Mama Ng'washi akauliza: kama wanapenda njano, mbona wanakula kijani? Swali zuri kuliko yote niliyosikia chuoni. Nikamwambia jani changa lina unjano, nao wanatafuta machanga. Nguzo zetu kwao ni jani changa kupita majani yote. Alicheka hadi akakaa chini.
"Kumbe tumewaalika wenyewe, binti."

Jumamosi, 12 Februari
Kwa mwenyekiti. Nikaomba nguzo zing'olewe au zipakwe chokaa. Akafunga mlango kwanza. Jumatano, akasema, anakuja mgeni kutoka wilayani.
"Ndugu Adventina, unataka niseme rangi za chama zinaleta wadudu?"
Maskini, jasho lilimtoka. Na mimi pia! Basi, nikasema, zibaki. Tuzipake grisi ya trekta, nyembamba, njano ionekane: waje, wanase, wasifike kwenye pamba. Mwishowe akakubali. Nipake, lakini nikiulizwa, yeye hakuona kitu.

Jumanne, 15 Februari
Nguzo zimekuwa nyeusi kwa vidukari! Majani mapya ya pembeni yanatoka yamenyooka. Wanaona rangi vizuri mno, ndiyo maana wamenasa. Kipofu angepona.

Ndalahwa alikuja peke yake, akaomba kioo. Akainama kwenye nguzo muda mrefu, kofia mkononi. Akanirudishia kioo, akavaa kofia, akaenda.

Jumatano, 16 Februari
Mgeni kaja. Suti ya kaunda, mpya. Akaegemea nguzo apigwe picha — mkono mzima grisi na wadudu! Akauliza nani amechafua rangi za chama. Watu wote wakatazama ardhi.

Ndalahwa kaitwa ofisini. Mimi nimeambiwa ningoje nje, benchini. Naandika huku nasikiliza. Kuhamishwa nitahamishwa, si kitu. Ila wakifuta ile grisi, pamba yote imekwenda, na zahanati nayo. Naogopa. Na mwenyekiti alishasema hakuona kitu.

Mgeni anauliza tena, kwa ukali: ni nani? Dirisha liko wazi, nasikia hata kiti kikilia.

"Ni mimi, ndugu," anasema Ndalahwa. "Lakini kabla hujanawa huo mkono, tumwite bibi shamba aje na kioo chake. Uone macho yao."